Mkutano wa video au kwenda tao?

Chama chetu hubishana kila mwezi: tukutane tao, yaani katikati ya Nairobi, au kwa video kwenye simu?

Tuanze na moshi. Lita ya petroli ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za kaboni dioksidi, kwa hiyo anayetoka Rongai, nje ya jiji, peke yake garini ameshindwa mapema. Laptopu ya wati 50 kwa saa mbili hula sehemu ya kumi ya yuniti, na stima ya Kenya nyingi hutokana na mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji na upepo. Lakini abiria wa matatu ya viti 33 hugawana moshi mmoja, pengo likapungua sana. Na simu? Hewa chafu yake nyingi hutoka kiwandani, kabla hujaiwasha. Kununua mpya ili uonekane vizuri mkutanoni ni kujidanganya.

Gharama: bando hushinda nauli, hasa mvua ikinyesha.

Kutegemeka, hapo mimi nasitasita. Stima ikipotea, mweka hazina wetu hubaki amegandishwa mdomo wazi katikati ya hesabu.

Uko mbali na una gari? Video, kamera ikizimwa. Unaishi Ngara, karibu na tao? Tembea tu.