Mashine ya kung'oa viazi kutoka Kariobangi: nyota nne

Trekta yetu, Massey Ferguson 135 ya marehemu baba, iko Kinangop, kwa hivyo nilishuka Nairobi, kwa mafundi wa Kariobangi Light Industries, na vipimo kwenye karatasi. Fundi hakuitazama. "Mama, niletee pini zenyewe." Nikarudi baada ya siku mbili na pini za milimita 22, zile za kufungia mashine kwenye trekta, ndani ya mkoba, zimepaka grisi leso yangu yote.

Bei ilikuwa 42,000, vyuma vyake, nusu mbele kwa M-Pesa. Wengine wawili walinitajia 60,000 bila hata kuuliza trekta ni ya aina gani.

Mkono anao. Fremu ni ya mabomba ya mraba, na mishono imelala kama sarafu zilizopangwa. Nyuma ya jembe amepanga nondo za milimita 12, zimeinuka kidogo kama vidole, udongo unachujika na kiazi kinabaki juu.

Lawama yangu ni jembe. Alilikata kwenye springi ya lori, chuma kigumu kinachofaa udongo wetu, ila hakitaki haraka. Alikichomelea kikiwa baridi, halafu kijana wake akakimwagia maji kwa sababu pikapu yangu ilikuwa inangoja. Nilikuwa hapo hapo, nikaona mvuke, nikafurahi kwamba tunaondoka mapema! Mstari wa tatu shambani, ta! Ufa ulitembea kando ya mshono, si kwenye mshono wenyewe, jembe likabaki linaning'inia.

Nilirudi nimefura. Hakubishana. Aliufungua ufa kwa grainda, akapasha chuma kwenye makaa mpaka ukikitemea mate yanaruka, akachomelea kwa rodi za 7018, kisha akakifukia kwenye jivu hadi kesho yake. Hakudai hata shilingi, ingawa gharama ya kwenda na kurudi niliibeba mimi.

Sasa tumeshang'oa robo tatu ya ekari ya viazi aina ya Shangi. Vibarua sita wanaokota, zamani walikuwa kumi na wanne. Vinavyokatwa ni vichache, hasa dereva akitoka kwenye tuta. Vile vidogo vya mbegu ndivyo vinavyoponyoka kati ya nondo, tunavifuata kwa jembe la mkono.

Wiki ijayo naipeleka azisogeze nondo zikaribiane. Ameshaniambia nisije na pikapu inayongoja.