Where Eagles Dare kwenye diski: bunduki niliyoipenda ni ile isiyolia

Mwezi uliopita nilinunua diski ya Blu-ray ya Where Eagles Dare, filamu ya mwaka 1968 iliyoongozwa na Brian G. Hutton, wakiigiza Richard Burton na Clint Eastwood. Nilichokifuata humo ni silaha. Nilipitia JKT, na tangu hapo siwezi kutazama picha ya vita bila kuangalia mtu ameshika nini na ameishika vipi. Hadi leo nimeitazama mara tatu. Naipa nyota nne kati ya tano.

Kisa ni cha majira ya baridi ya Vita vya Pili. Makomando wachache wanaruka na miavuli kwenye theluji ya Bavaria wakiwa na sare za Kijerumani, waingie ngome iliyo juu ya jabali wakamtoe jenerali wa Kimarekani. Ngome unayoiona ni ya kweli, inaitwa Hohenwerfen, iko Austria. Ndani ya kundi lenyewe kuna wasaliti, na hapo ndipo utamu ulipo.

Kwa kuwa wamejifanya Wajerumani, bunduki nazo ni za Kijerumani, na inayotawala ni MP40. Kambini sisi tuliita AK "SMG", na yeyote aliyepita huko analijua jina hilo. Lakini SMG hasa, yaani bunduki ndogo ya rashasha inayotumia risasi za bastola, ni hii, kwa sababu inakula risasi za bastola za milimita 9. Diski inaonyesha picha safi kiasi kwamba ukiisimamisha unaona kitako cha chuma kilivyokunjwa chini ya bunduki, na magazini ndefu iliyonyooka ikining'inia mbele. Magazini hiyo inabeba risasi 32. Mwendo wake ni kama risasi 500 kwa dakika, kwa hiyo ukibana kifyatulio bila kuachia, hesabu moja, mbili, tatu, nne, imekwisha.

Sasa nenda kwenye ule ukumbi mwembamba wa ngome, Eastwood amesimama na MP40 mbili, moja kila mkono. Inasisimua, sikatai. Lakini kila moja ina karibu kilo nne, na mikono yote imejaa. Atabadilisha magazini kwa mkono upi? Afande wetu angesimamisha zoezi zima. Bastola yenye kiwambo cha kuzuia sauti nayo inatoa kamlio kadogo mno kuliko bastola ya kweli, ila hilo ni tatizo la karibu filamu zote.

Nataka pia kusema neno kuhusu jina Schmeisser, maana mashabiki wengi wa filamu hizi ndivyo wanavyoiita MP40. Hugo Schmeisser, mbunifu wa silaha wa Kijerumani, hakuibuni bunduki hiyo. Ilitoka kiwanda cha Erma cha mjini Erfurt. Cha Schmeisser kilikuwa hataza ya magazini. Fundi aliyefanya kazi anastahili jina lake, na wa Erma wamenyimwa lao kwa miaka mingi.

Ambaye hajaitazama filamu aruke aya mbili zinazofuata.

Mwishoni, ndani ya ndege, mtu mmoja anamwelekezea mwenzake Sten, bunduki ya Kiingereza ya mwaka 1941. Aliyeelekezewa hatikisiki. Anamwambia kwamba pini ya kugonga risasi ilishatolewa kabla hawajaondoka Uingereza. Baada ya milio ya saa mbili na zaidi, bunduki iliyobeba uzito wote wa hadithi ni moja isiyolia. Nilikaa kimya. Nilikumbuka siku afande wa ghala la silaha alipotoa pini ya AK akaiweka kiganjani mwangu, kijiti cha chuma chembamba tu, akaniambia bila hiki umebeba rungu.

Tatizo ni kwamba Sten haina kijiti cha kuchomoa. Ilitengenezwa kwa bei rahisi na kwa haraka, mamilioni kwa mamilioni, na pini yake ni kichunusi kilichochongwa pamoja na uso wa bolti, kile chuma kinachokwenda mbele na nyuma ndani ya bunduki. Kukiondoa ni lazima uchukue tupa ukisage. Sasa ajabu ni kwamba MP40, ambayo filamu inazo tele, ina pini ya peke yake inayotoka pamoja na springi ukiifungua. Wangempa yule mtu MP40, tukio lingesimama hata mbele ya fundi wa silaha. Hii ndiyo nyota niliyoikata, na nimeikata kwa uchungu kwa sababu wazo lenyewe ni zuri kuliko yote niliyoona humo.

Helikopta inayoonekana humo ni Bell 47, aina iliyoruka mara ya kwanza Desemba 1945, vita vimekwisha. Nimeisamehe, hainigusi kama Sten.

Kuhusu diski yenyewe: manukuu ya Kiswahili hakuna, na maneno ya Burton yanakwenda mbio kwenye ule mkutano mezani ambapo kila mtu anamgeuka mwenzake, hivyo washa manukuu ya Kiingereza. Sauti za maongezi ziko chini na bunduki ziko juu, kaa na rimoti mkononi kama nyumbani kuna watoto wamelala. Jana usiku nilirudia tukio la ndege tu, nikasimamisha picha pale Sten inapoinuliwa, nikamwita mwanangu aje aione.