Raleigh kuukuu ya tairi 28 bila friwili: inavyokwenda Dodoma

Ni ile ile ya wazee: baiskeli ya Raleigh ya chuma kutoka Nottingham, Uingereza, tairi 28, breki za vyuma, madigadi na kerea ya kubebea gunia. Tofauti ni moja tu. Friwili, ile gia ya nyuma inayoruhusu pedali kutulia gurudumu likizunguka, imetolewa; imefungwa sproketi (gia ya meno) iliyoshikana na habu, yaani kitovu cha gurudumu, kwa hiyo gurudumu likizunguka pedali nazo zinazunguka. Hata kwenye mteremko miguu haipumziki.

Kwa mji ulio tambarare kama Dodoma, raha yake ni kubwa. Ukitaka kupunguza mwendo, unaukandamiza mguu unaopanda, baiskeli inatulia yenyewe. Ukiingia kwenye mchanga pembeni mwa lami, tairi likianza kuteleza unalihisi kwenye nyayo kabla halijakutupa. Na fremu hii ndefu, yenye foki iliyolala, inameza mashimo vizuri ajabu.

Kuhusu meno: mbele 46 na nyuma 18, mzunguko mmoja wa pedali unakupeleka kama mita 5.7. Ni tamu ukirudi mjini kutoka Ihumwa, mashariki mwa mji, upepo ukiwa mgongoni. Wakati wa kwenda, upepo wa mashariki ukikupiga kifuani, magoti yatauma. Funga 20 nyuma, upate kama mita 5.15. Kwa hapa Dodoma, 20 ndiyo sahihi.

Sasa habu, maana hapa ndipo watu wanapoumia. Habu ya kweli ya kazi hii ina nyuzi za skrubu za aina mbili: sproketi hukazwa kwenda kulia, kisha juu yake hukaa ringi ya kubania inayokazwa kwenda kushoto. Ukikaza miguu kurudi nyuma, sproketi ikitaka kufunguka inajibana kwenye ringi. Habu ya kawaida ya friwili haina hizo nyuzi za kushoto. Fundi akikuchomelea friwili ya zamani, au akikufungia ringi yenye nyuzi za kulia, vyote vitafunguka upande mmoja siku utakapokaza miguu kwa nguvu. Usikubali. Kipimo ni rahisi: chora mstari mwembamba wa rangi ya kucha kutoka kwenye sproketi hadi kwenye habu, kaza miguu kurudi nyuma mara kumi ukiwa uwanjani, kisha tazama. Mstari ukikatika, hiyo baiskeli isiingie barabarani.

Sproketi mbili zikae mstari mmoja. Pima kwa uzi ulionyooka. Cheni ikichomoka kwenye baiskeli ya namna hii inaweza kujisokota na kufunga gurudumu ukiwa kwenye mwendo. Ilegee kama sentimita moja katikati, na upime pale inapokaza zaidi, kwa sababu sproketi kuukuu nyingi si duara kamili.

Kotapini, zile pini zinazobana krenki (mikono ya pedali) kwenye ekseli, nazo hubeba mzigo pande zote mbili, mbele na nyuma, kwa hiyo huchakaa haraka kuliko kwenye baiskeli ya friwili. Ukisikia "ko" moja kila mzunguko, ni kotapini. Igonge kwa nyundo ukiwa umeegemeza krenki kwenye gogo, ndipo ukaze nati. Nati peke yake haivuti pini. Rudia baada ya siku ya kwanza.

Breki ya mbele ibaki, hata kama miguu yako ina nguvu kiasi gani. Mvua ikinyesha rimu za kromu huteleza, breki inachelewa kushika.

Tairi: soma ubavuni, iandikwe 40-635. Kuna nyingine zinaitwa 28 pia lakini ni 622 badala ya 635, hazitakaa kwenye rimu hii. Na mbigili hazina huruma. Kata tyubu kuukuu kwa urefu, itandaze ndani ya tairi chini ya tyubu mpya. Inaongeza uzito kidogo, ila viraka vinapungua sana. Vumbi nalo: oili matone machache kwenye cheni, kisha futa. Oili nyingi ikichanganyika na vumbi la hapa inageuka msasa.

Kuna kasoro moja ambayo haina dawa. Pedali haisimami kwenye kona, na ukilala sana itagonga chini. Kata kona ukiwa wima na polepole. Suruali nayo ifungwe kamba kifundoni, hata kama kava ya cheni ipo.