Umenunua simu mpya, uweke apu gani ya meseji? Nimezipanga hapa

Wengi wakichagua apu wanaangalia inakula bando kiasi gani basi. Mi naomba uangalie pia wenye apu wanabaki na nini chako. Juzi mdogo wangu kapiga picha kitambulisho chake cha NIDA, namba zote zinasomeka, karusha kwenye grupu la vikoba lenye watu 60, nikamwambia futa haraka, ndo maana naandika hii.

Ya kwanza ni Signal. Iko chini ya taasisi isiyotafuta faida, matangazo hamna, na mwaka 2016 walipodaiwa kisheria kule Marekani watoe taarifa za mteja, walichokuwa nacho ni siku akaunti ilipofunguliwa na siku ya mwisho kuingia mtandaoni, basi. Tangu 2024 unaweza kuficha namba yako. Tatizo ndugu zako wengi hawapo huko.

Pili Threema ya Uswisi. Hii unalipia, mara moja tu, na haikulazimishi kutoa namba ya simu. Kama unashika siri za watu, mfano wakili, lipia.

Tatu WhatsApp, maana hatuikwepi. Meseji zimefungwa kwa msimbo mwisho hadi mwisho tangu 2016, yaani anayesoma ni wewe na uliyemtumia tu, lakini mwenye mali ni Meta, kampuni ya Facebook, na wanachukua namba yako, aina ya simu, unavyoitumia, na namba za kwenye kitabu cha simu ukiwaruhusu. Halafu kuna bekapu, ile nakala ya chati zako inayohifadhiwa mtandaoni, hapa ndo wengi wanaachia mlango wazi, kwa sababu ulinzi wake haujiwashi wenyewe. Ingia mipangilio, sehemu ya chati, fungua bekapu, washa ulinzi wa mwisho hadi mwisho, weka nywila halafu iandike kwenye daftari nyumbani, ukiisahau hata wao hawawezi kukurudishia.

Nne Telegram, na najua watabisha. Chati zake za kawaida zinakaa kwenye seva zao bila kufungwa mwisho hadi mwisho, chati ya siri mpaka uifungue mwenyewe na mtu mmoja mmoja, magrupu hayana kabisa. Na Septemba 2024, baada ya Durov, bosi wa Telegram, kukamatwa Ufaransa, walisema watatoa namba za simu na anwani za IP (namba inayotambulisha intaneti unayotumia) wakiombwa kisheria.

Mwisho SMS. Haijafungwa, kampuni ya simu inaweza kuiona. Tumia kumwambia mama umefika salama, picha ya kitambulisho na PIN usipitishe huko.