Blogu yako uitangazie wapi: nimezipanga kuanzia inayoleta wasomaji mpaka inayokula bando bure

Mtu akishaanzisha blogu swali linalofuata huwa ni "nilipie wapi tangazo", na mi naona hapo ndo hela inapoanza kupotea, maana anaangalia mtandao wenye watu wengi badala ya ule ambao mtu akiona linki anaibonyeza, ukurasa unafunguka na wiki ijayo anarudi tena. Enzi zile za Michuzi Blog watu walikuwa wanaandika anwani wenyewe asubuhi kuona kuna jipya gani. Siku hizi wa kufanya hivyo ni wachache sana, linki lazima imfuate mtu alipo. Kwa hiyo nimepanga kwa kigezo hicho tu, nikimfikiria mwandishi wa Kiswahili wa mambo ya kawaida, mapishi, kilimo, ushauri wa ajira, yuko Tanzania au Kenya na bajeti yake imebana. Kama unaandika habari za matukio na siasa na upo Tanzania, anza na kanuni za maudhui mtandaoni za TCRA (mamlaka ya mawasiliano) kabla ya kuwaza tangazo, ile ni mada yake yenyewe.

Namba moja ni chaneli ya WhatsApp, na hapa sibishani na mtu. Chaneli zilisambazwa duniani Septemba 2023, kufungua ni bure na haina ukomo wa wale watu 1,024 wa kwenye grupu. Brodkasti ndo kabisa, mwisho watu 256 na inamfikia tu aliyesevu namba yako. Kizuri kingine namba ya mfuasi haionekani kwa wafuasi wenzake, na kwa nchi yenye meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" hilo si jambo dogo, watu wanajiunga bila kuogopa. Ubaya wake chaneli huwa imezimwa sauti tangu mtu anapojiunga, kwa hiyo kwenye posti zako za mwanzo waambie waziwazi wabonyeze alama ya kengele, la sivyo utaandika mwezi mzima na hawana habari.

Sasa kuna kitu wanaofundisha masoko ya mtandaoni hawakisemi. Wasomaji wengi hununua bando la WhatsApp peke yake au lile la mitandao ya kijamii kwa sababu ni la bei nafuu, na bando hilo blogu yako haliifungui, yenyewe iko nje. Mtu anabonyeza linki, kiduara kinazunguka weee, anatoka akijua blogu yako mbovu. Dawa ni kuweka kiini cha posti ndani ya ujumbe wenyewe, kama ni pilau andika vipimo vyote vya mchele na viungo pale pale, halafu linki iwe ya anayetaka picha za hatua kwa hatua. Utasema nikishampa yote atakuja kufanya nini, lakini mwenye bando la kawaida atabonyeza tu, na asiyenalo anamforwadia shangazi yake mwenye wifi. Halafu hakikisha picha ya posti ni nyepesi, chini ya KB 300 hivi, ili itokee kwenye linki, maana linki kavu isiyo na picha inafanana na za matapeli na watu wanairuka.

Namba mbili ni Google. Najua si mahali pa kuposti, ila kwa muda mrefu ndiyo italeta watu kuliko vyote na hulipii hata shilingi. Andika kichwa cha habari kama mtu anavyouliza, "jinsi ya kupika maandazi ya nazi", "dawa ya kantangaze kwenye nyanya", siyo "Safari yangu tamu ya maandazi". Ushindani kwa Kiswahili bado mdogo ukilinganisha na Kiingereza, mada nyingi za maana unatafuta unakuta kurasa mbili tatu za hovyo. Unganisha blogu na Search Console, chombo cha Google kwa wenye tovuti, ni bure, itakuonesha maneno halisi ambayo watu waliandika mpaka wakafika kwako, na hayo maneno ndo yanakupa mada za mwezi ujao. Inachukua miezi, usikate tamaa.

Namba tatu Facebook, na hapa ndo pa kutoa hela kama unayo. Ukurasa wako wenyewe ukiposti linki inafika kwa watu kiduchu, zoea tu. Magrupu bado yana nguvu, ya wafugaji wa kuku, ya mapishi, ya ajira, lakini ingia kama mwanachama kwanza, jibu maswali ya watu, halafu siku mtu akiuliza kitu ulichokiandika ndo uweke linki kwenye komenti. Admini akikuona kazi yako ni kumwaga linki tu anakutoa, na ana haki.

Ukija kwenye tangazo la kulipia usikimbilie kile kitufe cha kubusti kilichopo chini ya posti. Mara nyingi kinakuletea watu wa kulaiki, na laiki hailipi kodi. Ingia Ads Manager, sehemu ya Facebook ya kusimamia matangazo, chagua lengo la trafiki, halafu pale inapouliza unataka nini hasa kuna waliobonyeza linki na kuna waliofika ukurasa ukafunguka, chukua hilo la pili (utahitaji kuweka Pixel, kijikodi cha Facebook kinachohesabu waliofika, kwenye blogu, maelekezo yapo hapo hapo). Kwenye sehemu za kuonesha tangazo ondoa Audience Network, kule tangazo lako linatokea ndani ya apu nyingine na mtu anabonyeza kwa bahati mbaya akiwa anacheza gemu. Usilenge nchi nzima kama posti ni ya kilimo cha mpunga, lenga Mbeya na Morogoro. Kulipa siyo shida kama zamani, kadi ya mtandaoni ya kwenye simu inatosha, Kenya kuna ile ya M-Pesa GlobalPay, ila weka kikomo cha matumizi kabla ya kitu chochote na ujue kodi inaweza kuongezwa juu ya bei unayoiona. Anza na dola moja au mbili kwa siku, posti moja tu, ile ambayo tayari watu waliipenda bila kulipiwa. Posti iliyolala yenyewe ukiilipia italala kwa gharama.

Nne inategemea unaandika nini. Kama ni mapishi, mishono ya vitenge, mapambo ya nyumba, basi ni Pinterest, tena ningeipandisha mpaka ya tatu. Watu wanaingia kule kutafuta mshono wa kumpelekea fundi, picha inabeba linki yako moja kwa moja na inaendelea kuonekana miezi mingi baada ya kuiweka, wakati stetasi ya WhatsApp saa 24 imekwisha. Kama unaandika ushauri wa ajira ruka, nenda LinkedIn.

Barua pepe naiweka ya tano na najua kuna watakaonuna. Karibu kila mwenye Android ana Gmail kwa sababu ya Play Store, kuifungua sasa ni habari nyingine. Lakini kama wasomaji wako wengi wapo ughaibuni, Uingereza, Marekani, huko barua inasomwa, na uzuri wake orodha ni yako, hata mtandao ukufungie akaunti watu wako unao. Substack, huduma ya kutuma barua kwa wasomaji, ni bure kuanzia na inakata asilimia 10 pale unapoanza kutoza wasomaji. Tatizo malipo yake yanapitia Stripe, kampuni ya malipo ya mtandaoni, ambayo haifungui akaunti moja kwa moja kwa mtu wa Tanzania wala Kenya, kwa hiyo itumie kutuma barua, ndoto za kulipwa ziweke pembeni kwanza.

Instagram na TikTok nazishusha huku chini japo ndo zenye watu. Instagram linki kwenye maelezo ya picha haibonyezeki, unabaki na baio inayobeba linki hadi tano na stika ya linki kwenye stori. TikTok akaunti binafsi kwa kawaida inadai wafuasi 1,000 kwanza ndo uweke linki. Zinajenga jina vizuri sana, ila mtu aliyekuja kuskroli video hataki kusoma maneno 800, atacheka, atalaiki, atapita. Telegram ni nzuri kwa PDF na noti za shule, tatizo Kenya imewahi kuzimwa wakati wa mitihani ya kidato cha nne (KCSE), Novemba 2023 na 2024 pia. X (Twitter ya zamani) kwa Tanzania ilifungwa Mei 2025, na hata Kenya ambako KOT (Wakenya wa Twitter) wamejaa, mwenye mtandao Elon Musk alishasema mwaka 2024 linki weka kwenye jibu, siyo kwenye posti yenyewe. Ukishaambiwa hivyo na mwenye nyumba unaelewa. Medium, mtandao wa kuchapisha makala, tumia tu ile sehemu ya kuimpoti posti, inaiambia Google kwamba ya asili ni ya kwako, usikopi na kupesti.

Mwisho kabisa, nje ya orodha, ni wale wanaouza "wageni 10,000 kwa siku" kwenye inboksi. Wengi ni roboti, na kama una AdSense (matangazo ya Google yanayokulipa) wageni bandia wanaweza kukufungia akaunti. Akikuapia kwamba wake ni watu halisi wa Bongo mwombe skrini ya Analytics (takwimu za wageni za Google) ya blogu nyingine aliyoihudumia, uangalie wanatoka mji gani na wanakaa sekunde ngapi kwenye ukurasa. Akianza kukuita "bosi" kila sentensi bila kutuma hiyo skrini, bloku.