TAHADHARI: Pawasaplai za "wati 700" za elfu 85 Kariakoo, usitume hela kabla hujasoma hapa

Wakuu, kuna jamaa anauza vifaa vya kompyuta za gemu Kariakoo, anatangaza sana Instagram na kwenye magrupu ya WhatsApp, na sasa hivi ameshusha mzigo wa pawasaplai (kile kiboksi kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) ambao unaua mashine za watu. Jina la duka siliweki hapa, ila staili yake naisema yote, ukikutana naye utamjua tu, na sidhani kama yuko peke yake kwenye huu mchezo.

Anafanya hivi. Picha anayoposti ni ya pawasaplai orijino ndani ya boksi lake, bei elfu 85, kaandika wati 700, 80 Plus Gold (alama ya ufanisi, naieleza chini). Ukimpigia anakwambia mzigo upo ila maboksi yaliharibika bandarini ndo maana bei imeshuka, we tuma hela nakuletea na boda sasa hivi. Ukishatuma unaletewa kitu kimefungwa nailoni, cheusi kinang'aa, feni ina taa za rangi, na stika kubwa ya 700W. Risiti hakuna. Waranti wiki moja, na hiyo ni ya mdomo.

Aliyepigwa ni dogo wa mtaani kwetu, kajinyima muda mrefu sana anaunga kifaa kimoja kimoja, prosesa Ryzen 5 5600 na kadi ya grafiki RTX 3060, mashine nzuri kabisa. Windows inawaka, YouTube inacheza, hakuna shida, ila akifungua gemu tu, ramani ikianza kuloadi, paap, mashine inajizima na kuwaka upya. Anampigia jamaa anaambiwa hiyo ni ram badilisha, akaazima ram nyingine hali ileile, akaambiwa basi ni Windows piga upya, akapiga upya, hali ileile. Mwisho ikapasuka kwa mlio, moshi, chumba kizima harufu ya kuungua, na mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta) ikaenda nayo. Bahati kadi ya grafiki tuliijaribu kwenye mashine nyingine ikawaka. Kumrudia jamaa, wiki imepita, akampiga bloku. Mimi naamini kabisa hizo habari za ram na Windows anazisema makusudi ili siku ziishe.

Dogo akaniletea nikaifungua (wewe usifungue nyumbani kama hujazoea, zile kapasita kubwa, vikopo vinavyotunza umeme, za upande wa umeme wa ukutani zinaweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata ukiwa umeshachomoa waya). Pale umeme unapoingilia, ubao umechorwa kabisa nafasi za koili na kapasita za kuchuja umeme, zote tupu, wamerukisha kwa vipande vya waya vilivyochomelewa. Mabamba ya kupozea ni vibati vyembamba unavikunja kwa kidole. Halafu nje, kona ya ile stika ya 700W ilikuwa imeinuka kwa joto, nikaibandua taratibu, chini yake kuna stika nyingine imefifia: 230W, laini ya volti 12 ampea 14. Yaani ni pawasaplai ya kompyuta ya ofisi ya zamani, wameipulizia rangi, wakaifunga feni ya taa, wakabandika namba waliyoitaka.

Sasa shika hii hesabu kuliko kitu kingine chochote nilichoandika hapa. Prosesa na kadi ya grafiki vinakula karibu umeme wao wote kwenye laini ya volti 12. Tafuta kwenye stika palipoandikwa +12V, chukua ampea zake zidisha kwa 12, hizo ndo wati za kuchezea gemu, ile namba kubwa ya juu achana nayo. Stika ya chini, 14 mara 12 ni wati 168, na RTX 3060 peke yake imepangiwa wati 170. Hata ile stika ya uongo ya juu ilikuwa imeandika ampea 18, yaani wati 216, wakati kadi 170 na hiyo Ryzen inaruhusiwa kuvuta mpaka 76 ikibanwa, jumla 246, hujaweka feni wala diski. Kwa hiyo uongo wao wenyewe ulikuwa hautoshi, na ungeonekana palepale mlangoni kabla boda hajaondoka. Pawasaplai ya kweli ya wati 550 za siku hizi inatoa karibu zote kwenye volti 12, utaona ampea 40 na kitu.

Na wakikuonyesha "inafanya kazi" kwa kuunganisha waya wa kijani na mweusi feni ikazunguka, hiyo inathibitisha inawaka tu, haisemi chochote kuhusu mzigo. Hata mbovu inazungusha feni.

Angalia pia waya wa kwenda kwenye kadi ya grafiki. Plagi ya pini 8 inatakiwa kubeba wati 150, itoke ndani ya pawasaplai yenyewe. Ukipewa adapta ya kuchomeka kwenye zile plagi za zamani za diski, za Molex, kataa, hizo zinaweza kuyeyuka. Nyuma ukikuta kiswichi chekundu cha 115/230 jua umeshika muundo wa zamani, na kikiwa kimeachwa kwenye 115 ukachomeka kwenye umeme wetu wa 230, inapasuka hapohapo. Hiyo 80 Plus nayo ni kipimo cha ufanisi tu, inapoteza umeme kiasi gani kwa joto, na orodha ya modeli zilizopimwa iko wazi mtandaoni, tafuta namba ya modeli yako. Neno Gold kwenye stika kila mtu mwenye printa anaweza kuliandika.

Najua tatizo ni hela. Ushauri wangu kwa mwenye bajeti ndogo: shusha kadi, usishushe pawasaplai. GTX 1650 ya kawaida inakula wati 75, nyingi hazihitaji hata plagi ya ziada. Ukitaka RTX 3060, Nvidia wenyewe, kampuni ya kadi hiyo, wanashauri pawasaplai ya wati 550, basi tafuta yenye 80 Plus Bronze (daraja la chini ya Gold) ya kampuni inayojulikana, boksi limefungwa, hizi Corsair CX kwa mfano kampuni inatoa waranti ya miaka 5. Ni bora kuliko "Gold" ya wati 700 isiyo na boksi, hata kama itabidi usubiri mwezi mwingine. Na jina la kampuni peke yake halitoshi, 2021 Gigabyte walipata kashfa na pawasaplai zao za GP-P750GM na GP-P850GM, zililipuka kwenye majaribio ya Gamers Nexus, chaneli ya YouTube inayopima vifaa vya kompyuta, na duka la Newegg la Marekani lilikuwa linaziuza kwa kuzifungia pamoja na kadi za grafiki, kwa hiyo soma majaribio ya modeli yenyewe unayopewa. Za mtumba ukienda nazo, kumbuka za Dell na HP za ofisini nyingi plagi zake ni za kwao wenyewe, haziingii kwenye mazabodi ya kawaida.

Kama umeshanunua kwa huyu jamaa na bado hujaichomeka, usichomeke. Piga picha stika, bandua kona uone kama kuna nyingine chini, hifadhi meseji zote na muamala wa simu. Risiti ya EFD ni haki yako hata ukinunua kitu cha elfu kumi. Bidhaa feki zinashughulikiwa na Tume ya Ushindani, FCC, dogo tumeshamwandalia malalamiko yake na picha za stika zote mbili, na wengine waliopigwa na mzigo huuhuu njooni inbox twende pamoja, mmoja mmoja watatuzungusha.