Sabuni mpya ya pakiti ya zambarau: maoni ya dobi

Tangu lile gari la matangazo lipite huku Buguruni na MC wake na fulana za bure, wateja wangu wananiletea nguo pamoja na sabuni. "Kaka, hizi zifulie hii." Ni ile ya unga ambayo tangazo lake hutoka kila tamthilia ya jioni inapofika patamu. Mtego huo ni wa zamani: Procter & Gamble, watengeneza sabuni wa Marekani, walikuwa wakidhamini michezo ya redio ya mchana tangu miaka ya 1930 ili wawapate akina mama nyumbani. Jina la hii silitaji, maana mtasema mwenzake kanilipa.

Kwanza nimpe haki yake. Maji yangu ni ya kisima, yana chumvi. Sabuni ya mche ikiingia humo inaganda na kuacha utando mweupe kwenye nguo nyeusi. Hii haigandi, povu linasimama, na vumbi la bodaboda linatoka bila kusugua sana. Ila sabuni nyingine za unga pale kwa Mangi zinafanya kazi hiyohiyo kwa bei ya chini.

Kinachouzwa zaidi hapa ni povu na harufu. Wateja wanadhani bila povu nguo haijafuliwa, wakati sabuni za mashine zinatengenezwa makusudi zitoe povu kidogo, na nguo zinatakata.

Nilifanya jambo moja. Mashati mawili meupe ya mtoto mmoja wa shule, kola zote zimekula jasho. Moja nikalifulia hii, la pili sabuni ya unga ya kupima, ya bei rahisi. Mama yake alipokuja nikamwomba achague lililotakata zaidi. Akayainua kwenye mwanga, akakunjua kola, akakwangua kwa ukucha, akakosa la kusema. Kisha akayanusa. "Hili," akasema, na uso ukamkunjuka. Lilikuwa la zambarau kweli, lakini macho yake yalikuwa yameshashindwa, pua ndiyo iliyoamua. Na mama huyu sokoni humdanganyi kwa nyanya!

Halafu kuna ule weupe wa kwenye runinga. Sabuni nyingi za unga zina kemikali inayobaki kwenye kitambaa. Ikipigwa na jua inageuza mionzi isiyoonekana kuwa mwanga wa buluu, na umanjano unajificha. Bibi zetu walitia buluu kwenye maji ya kusuuzia kwa hesabu hiyohiyo. Doa linaweza kuwa lipo palepale. Kwenye shati la shule sina ugomvi nayo, ila kanzu ya rangi ya maziwa usiifulie hii kabisa. Inatoka na weupe wa ajabu, si maziwa si theluji, na mwenyewe atakuuliza umeibadilisha na ya nani. Kaki nazo zinapauka.

Bei sasa. Pakiti ya kati imebadilishwa sura, imerefushwa, imeandikwa "muonekano mpya" kwa herufi kubwa mbele. Geuza nyuma usome: zilikuwa gramu 500, sasa ni 450, na bei haijashuka hata shilingi. Vile vipakiti vidogo vinavyoning'inia dukani ndivyo vinavyotoka sana, kwa kuwa hela ya siku inatosha hapo. Vijumlishe hadi kilo uone, mfuko mkubwa ni nafuu kwa mbali.

Kwa hiyo: sare nyeupe na maji ya chumvi, nunua ukitaka, ni sabuni nzuri. Kwa nguo zangu mwenyewe naendelea na ya kupima. Na wewe mteja wangu, ukishaamua lazima iwe hii, niletee mfuko wa kilo. Kuchana vipakiti kwa meno huku mikono imelowa kunanimalizia asubuhi.